Nimeyafunika Mabati Yako

Baba,

Nimeyafunika mabati yako. Naanza na hilo ili usilisikie kwa mtu mwingine, maana huko uliko sijui habari hufikaje, na hapa duniani kaka Ekai ameshalieneza hadi kwa wajomba. Nimeyafunika kwa majani ya mkoma, ule mtende wetu wa porini, yale yale uliyoyaita nyasi ukaapa hayatagusa paa lako hata siku moja. Sikushawishiwa na mtu. Niliagiza mwenyewe kutoka huku Toronto, nikampigia fundi simu mara tatu kuhakikisha yamefungwa vizuri.

Sikuombi radhi. Nakuandikia nikueleze, halafu tugombane kama tulivyozoea.

Nakumbuka siku mabati yalipofika Lodwar. Nilikuwa darasa la tatu. Uliyaleta kutoka Kitale kwa lori ulilokuwa ukiendesha, umeyafunga kwa blanketi zetu ili yasikwaruzwe njiani, na kwa joto la jangwa letu hakuna aliyezikumbuka hizo blanketi. Ulipomaliza kuezeka ulituita wote tusimame barabarani tutazame. Paa liliwaka hadi tukafumba macho. Ukasema, "Mimi nimezaliwa chini ya nyasi. Nyinyi hamtakufa chini ya nyasi." Mama alicheka kwa furaha, na mimi nikaona hakuna mtu mkubwa kama wewe duniani.

Hakuna aliyetuambia kwamba tumehamia ndani ya jiko. Ikifika saa tano asubuhi sebule haikaliki. Viti na vitambaa alivyofuma Mama vilishinda peke yao, na sisi tulifuata kivuli cha ukuta kama kuku, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Mishumaa iliyokuwa juu ya kabati ilipinda shingo kila Februari, nawe ulisema inasali. Lakini mgeni akija hukukubali aketi nje. Ulivaa lile koti lako la kijivu, ukamkaribisha sebuleni, ukakaa wima huku jasho linakudondoka kidevuni, ukimwuliza habari za mvua. Mgeni aliaga haraka. Sisi tulikuwa jikoni tukikucheka, Baba, leo nakiri.

Nilipopata kazi huku nilikwambia ukweli. Navaa ovaroli na barakoa, naingia kwenye dari za watu kwa magoti, napuliza humo magazeti ya zamani yaliyosagwa ili baridi isiingie nyumbani. Ukasema, "Yaani umevuka bahari ukajaze magazeti kwenye paa?" Jumapili iliyofuata ukatangaza kanisani kwamba binti yako ni injinia wa majengo. Niliona aibu, nikakukasirikia wiki nzima, wala sikukusahihisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Byamungu, mtu wa Bukavu, anayeishi Regent Park na kuimba besi kwenye kwaya yetu. Julai moja tulikuwa kwenye dari ya nyumba kuukuu kule Don Mills, jasho linatuingia machoni. Nikamwuliza Mzee kwa nini mwenye nyumba anajaza dari na baridi yenyewe haipo. Akasema, "Dada, joto na baridi vyote vinapitaka njia moya. Ukifunga, umefunga." Niliketi juu ya boriti nikashindwa kuendelea. Nilikuwa nakuona wewe na koti lako. Siku ile ile nilikupigia, nikakwambia dawa ya nyumba yetu ninayo mkononi, niruhusu tu. Ukasema, "Bati lisiguswe." Nikauliza, hata kwa ndani? Ukasema hata kwa ndani. Nikakutii. Hilo ndilo ninalojilaumu, si hili la majani.

Februari ya mwaka jana wakaja wageni wa kanisa, saa nane mchana. Ulivaa koti. Ulikaa nao hadi wakamaliza chai, ukawasindikiza, ukaanguka pale kwenye kizingiti. Daktari alisema ni moyo. Mimi sikuwa na karatasi za kuniruhusu kusafiri, kwa hiyo nilikuzika kwa simu, nimesimama jikoni kwangu St. James Town, ghorofa ya kumi na sita, mtandao unakatika kila mchungaji akifungua kinywa. Alipofika kwenye majina ya watoto nilisikia neno moja tu, "injinia." Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa nyingi. Daktari aseme yake. Mimi nasema ni moyo na ni bati, na kama unabisha, ungebaki tubishane.

Tulipomaliza kukuzika Ekai alitaka kumchukua Mama, akaishi naye Kitale. Unamjua mwanao, ni mtu mwema na huongea kama hakimu. Alisema nyumba ile itammaliza na yeye. Mama akasema hahami, mume wake yuko pale nyuma ya nyumba, nani atamfagilia kaburi? Mimi nikasema nyumba itengenezwe. Ekai akanijibu, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe uko kwenye theluji." Nikamwambia hata yeye analala Kitale chini ya blanketi mbili. Mwishowe tulikubaliana nipewe msimu mmoja wa joto. Machi ya mwaka unaofuata ikiisha na Mama bado anashinda nje, gari litakuja kumchukua.

Basi nikajitia uinjinia. Nilimwagiza fundi apige dari ya mbao sebuleni na vyumbani, juu yake atandaze magodoro membamba ya kuzuia joto yaliyotoka Nairobi, halafu azibe kila tundu, hata ile mianya ya chini ya paa ambako upepo ulikuwa ukipenya. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Mwanya wa kupitisha kidole ni aibu ya fundi. Baada ya siku tatu Mama alipiga, akasema kwa upole, "Mwanangu, mchana ni afadhali kidogo. Lakini zamani usiku ulikuwa unapoa. Sasa haupoi." Nilikuwa nimetengeneza chupa ya chai, Baba, na Mama nimemfungia ndani. Nilikuwa nimeizibia nyumba ya jangwani baridi ya Kanada. Ekai alituma picha ya gari kwenye kikundi cha familia.

Nilimweleza Mzee Byamungu tukiwa tunakula ndani ya gari la kazi. Hakunicheka. Aliniuliza, "Kule kwenu kwenye joto, ba nyanya balikuwa banafanyaka namna gani?" Nilitaka kumjibu kwamba nyanya yangu hakusomea mambo haya, lakini nikakumbuka. Nyanya alikuwa na kibanda chake cha majani ya mkoma, na saa saba mchana watoto wote tulikimbilia humo. Ulikuwa ukija na fimbo kututoa, turudi kwenye nyumba ya heshima. Na wewe mwenyewe ulikuwa ukikawia humo ndani, ukijifanya unahesabu kama tumetimia. Nilikuona. Nilikuwa mdogo lakini nilikuona.

Mkataa kwao ni mtumwa, na tulikuwa watumwa wa bati miaka mingi. Nikaamuru matundu yafunguliwe juu, kwenye ncha mbili za paa, ili joto lipate pa kutokea. Na juu ya mabati yako, kwa nafasi ya kiganja ili upepo upite katikati, fundi akafunga fito, akaezeka majani ya mkoma ili jua liyapige hayo kwanza. Ekai alinipigia akifoka, "Baba alisema nini kuhusu nyasi? Alisema nini?" Nikamwambia Baba alisema mimi ni injinia. Akakata simu.

Mama alikuwa na sharti moja. Safu ya mabati iliyo juu ya baraza, ile inayotazama barabara, isifunikwe. Haina kazi yoyote, hakuna anayekaa chini yake mchana. Nilikubali bila kumwuliza sababu. Bado inang'aa, na kila apitaye anaiona.

Februari hii nilikuwa nikingoja gari la kazi chini ya jengo, vidole vimekufa ganzi, simu inatetemeka mfukoni. Saa nane mchana ya kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi kwangu. Mama ananitumia picha ya mshumaa juu ya kabati. Haandiki kitu, ni mshumaa tu, umesimama. Kesho yake tena, na siku iliyofuata tena. Ekai akasema labda anautoa kwenye friji, naye anajua vizuri kwamba nyumba ile haijapata kuwa na friji. Nilikuwa nazionyesha hizo picha kwa Mzee Byamungu, naye kila siku anauliza mshumaa umeamkaje.

Machi ilipoisha Ekai alikuja na gari kama alivyoahidi. Alifika mchana wa jua kali, akasema haingii, mizigo itolewe nje. Mama akamwambia mizigo hajaifunga, aingie anywe maji kwanza. Siku hiyo sikutumiwa mshumaa. Nilitumiwa Ekai, amelala kwenye kochi lako, viatu miguuni, mdomo wazi, kitambaa cha Mama kimemwangukia nusu ya uso. Alilala hadi saa kumi na moja jioni. Alipoamka alikunywa chai, akarudi Kitale peke yake. Juzi ameniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, yale magodoro yanapatikana duka gani, ana rafiki anajenga Kakuma.

Hakuniambia nilikuwa sahihi, na najua hata wewe usingeniambia. Ungesimama barabarani na mikono nyuma, ukatazama ile safu ya mbele, ukasema fundi amepinda msumari. Halafu ungeingia ndani kutafuta kitu, ukakawia humo. Nalia ninapoandika hapa, ila usidhani nimelegea.

Koti lako ninalo mimi. Walipokuvua siku ile Mama alilifua, akampa mtu aliyekuwa akija huku, akidhani litanikinga. Halinikingi. Upepo wa huku unalipita kama chandarua. Limetundikwa nyuma ya mlango wangu, na kila nikitoka kwenda kazini naligusa mkono.

Karatasi zangu zimetoka, Baba. Wenzangu wakienda nyumbani huchagua Desemba. Mimi nitakuja Februari, katikati yake kabisa. Nitakufagilia kwanza, unigombeze kadiri utakavyo, nami nitakujibu. Kisha saa nane mchana nitaingia sebuleni, niketi kwenye kiti chako, nimevaa koti lako na vifungo vyote nimefunga. Mama atawaita wageni wale wale wa kanisa. Tutakunywa chai ya moto, tutaulizana habari za mvua hadi wao wenyewe wachoke. Na koti sitalivua.

Pumzika sasa. Nyumba ninayo mimi.

Binti yako,
injinia wa majengo