Niliondoka Mapema, Lawama Akabeba Loredana

Mpendwa Bi Ersilia,

Naomba msaada, na tafadhali usinicheke, maana nina miaka hamsini na tisa na kinachonisumbua ni kosa la sekunde moja. Nilikuwa mkimbiaji wa mita mia na wa kupokezana vijiti, nikavaa fulana ya buluu ya Italia miaka tisa, na maisha sina ugomvi nayo, mume wangu anapika kunishinda, duka langu la vitambaa hapa Rovigo linakwenda, na jioni mbili kwa wiki nakimbia na wanawake wenzangu waliovuka hamsini na tano, tunayacheka magoti yetu halafu tunakwenda kula piza.

Sasa mwezi uliopita Loredana, mwenzangu wa timu ya zamani, alistaafu ualimu, akarudi mjini na kujiunga nasi. Zamani, kwenye nusu fainali ya mashindano makubwa, yeye alikimbia wa pili na mimi wa tatu, nikaingiwa na hofu nikaondoka kabla hajafika kwenye alama, akaita “Shika! Shika!” mkono haukunifikia, tukavuka mwisho wa eneo la kupokezana kijiti bado anacho yeye, tukatolewa. Mwandishi wa gazeti aliponiuliza nikasema, “Loredana aliishiwa pumzi.” Akaachwa kwenye timu, mimi nikaendelea miaka sita zaidi na medali nikapata.

Jumanne kocha Tullio katupanga vilevile, Loredana wa pili, mimi wa tatu, mbio ni mwezi ujao. Loredana akanichapa begani kwa kijiti: “We Nives, bado una miguu au umebaki mdomo tu?” Wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikarudi nyumbani kukuandikia barua hii. Nimwambie ukweli, au ninyamaze nisiharibu furaha ya watu?

Nives, Rovigo

Nives mpenzi,

Pole. Sasa nisikilize. Unaniuliza umwambie au usimwambie, kana kwamba hajui! Hebu niambie, siku ile nani alikuwa nyuma yako, akiuona mgongo wako unazidi kwenda mbali? Anajua tangu dakika ile. Asichojua ni kama wewe mwenyewe unajua.

Kuondoka mapema nakusamehe leo hii, hofu humpata kila mtu. Lakini kumsingizia mwenzako gazetini, mwanamke wewe, hilo sikupunguzii hata chembe. Lilimtoa kwenye timu. Na utani wake usiuhesabu kuwa msamaha. Huenda amekufungulia mlango tu, aone kama utaingia.

Alhamisi, kabla ya mazoezi, nenda nyumbani kwake peke yako. Mwambie: “Niliondoka mapema, nikakusingizia.” Halafu funga mdomo. Usiseme “lakini”, usimweleze ulivyokuwa mdogo, usilie ili akubembeleze. Akifoka, mwache afoke. Kisha jioni, mkiwa mezani na kocha yupo, rudia maneno hayohayo mbele ya wote, kwa sababu lawama alibebeshwa hadharani.

Akitaka bado mkimbie pamoja, fanyeni mazoezi ya kupokezana mpaka mchoke, na usisogeze mguu kabla hajafika kwenye alama. Asipotaka, nafasi ni yake, siyo yako. Mwambie Tullio akutoe wewe, bila kununa, na siku ya mbio ukae jukwaani umshangilie Loredana kwa jina lake, watu wote wasikie.

Ersilia