Wasikilizaji Wawili

Jumapili, 4 Mei 2025
Kaka Stanislaus wa redio amesoma ujumbe wangu kwenye kipindi chake cha Salamu za Ng'ambo! "Ange, huku Titye kitanda kimekuwa kipana mno." Nikajifunika shuka kwa aibu. Ange ni mtoto wa mama mdogo. Tangu warudi Burundi mwezi wa kwanza hana simu, ila jirani yao ana redio, na mawimbi yanavuka mpaka. Alimtuma mfanyabiashara mmoja atuambie: mtangazaji alitaje jina lake polepole. Polepole — Ange bwana!

Jumanne, 6 Mei
Kaja mtafiti wa redio, kijana wa Dar mwenye tableti. Kamuuliza mama jina kamili. Tunaishi hapa tangu lini. Kisha: mnasikiliza Salamu za Ng'ambo?

"Hapana, baba. Taarifa ya habari tu. Sisi Watanzania."

Mama! Yeye anayetunyamazisha wote kipindi kikianza! Kijana alipoondoka nikamuuliza kwa nini. Akasema mgeni anayeanza na jina na tangu lini hatafuti redio, anatafuta nani ana ndugu ng'ambo. Uraia tumeupata kwa shida, nisiuchezee. Mama Nduwayezu wa jirani naye kakana, na redio yake inanguruma ndani.

Jumapili, 11 Mei
Kipindi kinafungwa mwisho wa mwezi. Kaka Stanislaus katangaza mwenyewe. Waliulizwa watu arobaini, wanaosikiliza ni wawili. Wadhamini wamejitoa.

Arobaini kwa wilaya nzima! Kila mdomo umebeba maelfu ya watu. Mama kusema hapana ni kama kata nzima imezima redio. Lakini nimewaza tena: hata wangeuliza mia nne, hofu ikiwa ileile, jibu ni lilelile. Wingi peke yake hautoshi.

Ange hajui. Ataenda kwa jirani, akae, angoje jina lake.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekwenda studio, Kasulu mjini. Mimi! Nikaganda mlangoni mpaka Kaka Stanislaus akasema, "Ingia bibie, maiki haing'ati." Nikasema yote nikitazama viatu vyangu. Waulize watu wengi zaidi. Wasiulize majina, wala tangu lini. Akacheka: "Haya, profesa wa Titye!" Halafu akaacha kucheka, akanitaka nirudie taratibu, akaandika. Atawaomba watafiti warudie kuuliza. Hakuniahidi kitu.

Jumamosi, 24 Mei
Yule kijana amerudi. Sasa hivi yuko uani na mama. Naandika huku chumbani nisije nikajibu mimi. Hajauliza jina. Amesema anazungukia kata zote, haandiki jina la mtu. Mama anaendelea kutwanga.

"Mnasikiliza Salamu za Ng'ambo?"

Mchi umenyamaza.

Ange, kama ungemsikia mama!

"Nikisema ndiyo," mama anauliza, "jibu langu unampelekea nani?"

Nachungulia dirishani: kijana amemgeuzia tableti, aone mwenyewe linakokwenda.