Masanduku Yako Yametoka Motoni

Mpendwa Baba Rebeka,

Tumeshinda. Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana nakujua: ungekuwa hai ungenikatiza kwa kuuliza, "Mama Rebeka, karatasi ziko wapi?" Kanisa limeungua. Karatasi zako ziko salama.

Unakumbuka walivyokucheka? Ibada ikiisha, unawazuia watu mlangoni wafanye zoezi la moto: masanduku manne ya bati yenye vishikio vya kamba, kila moja na watu wake wawili wa kulibeba. Ndani mlikuwa na nyimbo zilizotafsiriwa na kuandikwa kwa mkono, na maneno ya waumini wa kwanza wa hapa Eldoret, kwa Kinandi na kwa Kiluhya, jinsi walivyokusimulia kabla hawajafa. Hakukuwa na nakala nyingine popote. Siku moja Mzee Kiplagat akakuuliza, "Mwalimu, wewe unataka kanisa iungue?"

"Sitaki, Mzee," ukamjibu. "Lakini moto haitaniuliza."

Chakula cha Jumapili kilipoa mara nyingi kwa sababu yako. Hata baada ya kukuzika tuliendelea na zoezi lako, kwanza kwa heshima, halafu kwa mazoea.

Basi moto ukaja mchana, upepo ukivuma kutoka upande wa Timboroa. Katika shamba la jirani walikuwa wanachoma mabua ya ngano, cheche zikarukia paa letu la nyasi. Nilikimbia nikilia, nikakuta masanduku yote yako nje, na wabebaji wake wamesimama kando yake wanahema. Nikacheka na machozi bado yananitoka. Ila sanduku la nyimbo lilikuwa limefunguka kifuniko mlangoni, na wenye madebe, katika kuzima moto, wakalimwagia maji.

Hapo ndipo tungeharibu kila kitu. Akina mama walikwishatandika magunia juani waanike karatasi, kama tunavyoanika wimbi la uji.

"Jua ni kali, zitakauka saa hii," akasema Mama Chebet.

Nikasimama mbele yao na mikono nimeitanua. Nilikumbuka mwaka ule nyumba yetu ilipovuja, nami nikaanza kubandua kurasa za kitabu chako zilizogandana. Ulinishika kiganja ukasema, "Karatasi iliyolowa ni mgonjwa. Usiivute mkono." Ukanionyesha jinsi jua linavyoikunja na kuufifisha wino. Nikawaambia hivyo hivyo, kwa sauti yako kabisa, na wakanitii.

Tukazipeleka kwenye ghala la mahindi la Mama Chebet, lile la fito ambalo upepo hupita kila upande. Kivulini tukapachika kati ya kurasa zile karatasi za dukani za kufungia sukari, tukawa tunazibadilisha kila zinyonyapo maji. Mama Chebet akageuka kuwa mkali kuliko mimi; aliyekuja na mikono michafu alirudishwa mtoni.

Jumapili tuliabudu ndani ya kuta nyeusi, mbingu ndiyo paa. Tuliimba kutoka kwenye kurasa zenyewe, Baba Rebeka, wimbo baada ya wimbo, hata wapita njia wakasimama. Niliona fahari kubwa. Nilitamani uwepo. Bado natamani, kila siku.

Ukurasa mmoja tu maji yaliulamba wino wote. Mama Susana, ambaye ndiye aliyeutafsiri wimbo ule katika ujana wake na sasa haoni tena, akaketi karibu nami akauimba polepole, mstari kwa mstari, nami nikaandika. Nilipomaliza nikamsomea wote. Akapapasa mpaka akaipata karatasi, akakipitisha kiganja chake juu yake, akasema, "Sasa weka kwa sanduku."

Nimeuweka mahali pake, katikati ya mwandiko wako. Pumzika, mume wangu. Karatasi zako ziko nami.

Ni mimi mkeo mbishi,
Mama Rebeka