Grafu Arobaini na Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Kipungani, likizoni kwa Shangazi. Asubuhi kazi, mchana usingizi. Nakagua michoro ya makala kabla ya kuchapishwa. Profesa anaitaka Ijumaa. Shangazi, Bi Mwanaisha, yuko barazani anasuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mkeka. Aliniuliza hasa navuta nini huko maabara. Protini moja tu, nikamwambia. Unaifunga uzi wa DNA huku na huku, kila uzi kwenye ushanga mdogo, leza inazishika shanga. Ukivuta, inakunjuka. Ukilegeza, inajikunja yenyewe, na mashine inachora grafu. Akasema tumekosa kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua faili la takataka. Grafu za Zuhura, aliyekuwa msaidizi wetu maabara, za miaka miwili nyuma, nilizozitupa mimi. Zetu, zilizomo kwenye makala, zilionyesha protini ikijikunja kwa mkupuo mmoja. Zake zilisita katikati. Nikasema amenasa nyuzi mbili kwenye ushanga mmoja, kosa la kila mwanafunzi. Yeye alishikilia kwamba protini inatua pale. Sikumsikiliza. Nikamwandikia profesa kuwa mkono wake mchafu, anaharibu vipimo. Mkataba wake ukaishia hapo, akarudi kwao Pate.

Leo nimezipanga moja juu ya nyingine. Zote zinasita pahala pamoja, kwa nguvu ile ile. Nyuzi mbili zingesita ovyo.

Zuhura alisema kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Makala ikitoka, kazi ya kudumu ni yangu. Nikiisimamisha, sijui. Nilitaka grafu safi. Na Zuhura alikuwa hodari kuliko mimi. Hilo ndilo lililonichoma, tangu siku ya kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Shangazi amefumua pima nzima ya ukili kwa ajili ya chane moja ya miyaa iliyopinda. Nikamwambia hakuna atakayeiona.

"Naiona mimi," akasema. "Fumua hata ufike penye kosa. Hakuna ndia nyingine."

Nimeingia ndani. Nimemwandikia profesa kila kitu, na kwamba jina la Zuhura litangulie kwenye makala. Jibu lilikuja kabla ya alasiri, mstari mmoja: makala imesimama, na nafasi yangu pia. Nimelia chooni. Sikumlilia Zuhura, nilijililia mimi. Aibu tupu.

Jumamosi, 9 Agosti

Pate. Boti ilingoja maji yajae, nikawa na muda mrefu wa kujutia. Zuhura anafundisha hesabu skuli. Alikuwa akiniita dada. Leo kanikaribisha kwa "Bi Rukia". Nimemweleza yote, nimemwomba radhi. Alimimina chai, akanisogezea kikombe.

"Zalikuwa ngapi?" akauliza hatimaye.

Nikasema arobaini na moja.

"Nalivuta arobaini na tatu."

Radhi sikupewa, wala sikuidai. Chai ilikuwa nzuri.

Jumapili, 10 Agosti

Kipungani. Nimepekua kila diski. Mbili hazipo. Za mwanzo kabisa, nadhani, nilizifuta hata kabla sijawa na faili la takataka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimezirudisha arobaini na moja kwenye jedwali, jina lake juu, nikamtumia. Hajajibu. Kwenye safu mbili za mwisho nimeandika: zilikuwepo, nilizifuta mimi.

Kisha nimekaa na Shangazi, tukachana miyaa ya ukili mpya.