Waliomzuia Leocadia

Qala Pata, 9 Mei 1999

Dada Nemesia,

Salamu nyingi, za mama zikitangulia. Baridi inamsumbua magoti, ila mdomo haujambo. Jana kanifokea kwa kulala na viatu. Huko karakanani mnashonaje? Macho yako je?

Sisi tuko barabarani wiki ya tatu. Mawe tumepanga, kamba tumefunga, hakuna gari kupita hadi serikali itusikilize sisi wakulima. Baba angetuona angefurahi.

Utasikia redio za mjini zikisema tulizuia gari la wagonjwa, mke wa Teodosio, mshonaji mwenzako, akafia humo na mimba yake. Uongo mtupu, dada. Gari lilijaa askari waliovaa makoti meupe. Leocadia, Mungu amrehemu, alikuwa ameshafia nyumbani. Wakampakia baadaye ili watuchafue. Waambie wenzetu wa huko. Wewe wanakuamini.

Mdogo wako,
Casiano

Buenos Aires, 31 Mei 1999

Mdogo wangu Casiano,

Nimefurahi kusikia mama bado anafoka. Mimi mzima, macho ndiyo hivyo tena, natunga sindano kwa kupapasa.

Nimewaambia. Jumapili ya wiki iliyopita, kwenye mkutano wetu watu wa kwetu tunaoishi huku, nilisimama na barua yako. Teodosio alikaa mbele kabisa. Unajua tunashona naye bega kwa bega, mwaka wa nne huu, ukiacha ule mwezi wa Agosti alipokuja huko kumwona mkewe. Akaniuliza, "Nemesia, ulikuwepo?" Nikamjibu, "Ndugu yangu alikuwepo. Futa machozi, Teo, maadui wanayatumia." Watu wakapiga makofi, Casiano, makofi mengi. Yeye akavaa kofia yake akatoka.

Tangu hapo kahamishia cherehani yake kule karibu na choo. Nikimkaribisha supu, ananitazama kama anatazama ukuta.

Niapie kwa kaburi la baba kwamba ndivyo ilivyokuwa. Najua ndivyo. Niapie tu.

Dada yako,
Nemesia

Qala Pata, 24 Juni 1999

Dada,

Mama anakusalimu, hajambo. Serikali imenywea, barabara tumefungua, nami nimechaguliwa katibu wa Chama cha wakulima hapa kwetu. Umelea katibu, dada!

Ila barua yako imeniuma. Tangu lini tukaapishana? Wanajeshi walipompiga baba risasi kwenye maandamano, nani aliapa? Walisema alijikwaa, yakaisha. Wao wakiua kumi hawaulizwi. Sisi tukisingiziwa mmoja, tayari tuko kizimbani, na hakimu ni dada yangu wa tumbo moja!

Simama na watu wako.

Mdogo wako,
Casiano

Buenos Aires, 11 Julai 1999

Casiano,

Leo sikuulizi hali. Mama kanipigia simu jana kutoka sokoni, analia. Anasema kasimuliwa na waliokuwepo kwamba Leocadia alikuwa hai ndani ya gari lile. Alitoa kichwa dirishani akakuita kwa jina: "Casi, ni mimi, nipishe nikajifungue." Na kamba ulikuwa umeishika wewe. Masaa matatu!

Nijibu kwa mkono wako.

Dada yako, bado,
Nemesia

Qala Pata, 2 Agosti 1999

Dada,

Ni kweli. Nilimtambua. Nilimwambia, "Subiri kidogo, kiongozi anakuja kutoa ruhusa." Kiongozi hakuja. Wenzangu walikuwa wananitazama, na aliyelegeza kamba jana yake alivishwa bango la usaliti shingoni, akatembezwa kijiji kizima. Leocadia akalia, akalia, halafu akanyamaza. Hadithi ya askari ilitungwa kikaoni jioni ile. Mimi ndiye niliyeipanga ikakaa vizuri.

Lakini nisikilize. Nikikiri kwamba sisi tuliua, basi baba alikufa kwa ajili ya watu wa namna gani? Siwezi kumzika mara ya pili. Na wewe ulipopigiwa makofi, hukuona raha?

Barua hii ichome. Teodosio akijua, atakayesherehekea ni adui.

Mdogo wako,
Casiano

Buenos Aires, 23 Agosti 1999

Casiano,

Raha niliiona. Hilo ndilo linalonila. Shaka ilinishika siku ileile, Teodosio alipofika mlangoni, nami nikaizima, maana kukuamini wewe kulikuwa rahisi kuliko kumtazama yeye. Nawe ulijua. Ndiyo maana ulinichagua mimi nikaubebe uongo wako.

Sikuichoma. Jumapili niliisoma yote mkutanoni, hadi jina lako. Bi Emeteria, aliyenikumbatia ile Mei, akapaza sauti: "Wamekununua, eti?" Mwingine akasema hata kama ni kweli, huu si wakati wake. Nikamsikia, Casiano, na ile sauti niliijua. Ilikuwa yangu.

Teodosio akaiomba barua. Nikampa, nikamwomba radhi. Akaikunja polepole, akasema: "Mdogo wako simjui vizuri. Wewe ulinijua. Uliona picha ya mke wangu juu ya cherehani yangu kila siku, halafu ukaniambia mbele za watu nifute machozi." Kisha akaitia mfukoni.

Leo asubuhi kapanda basi la huko. Anaipeleka barua yako kwa hakimu wa mkoa. Ukiitwa, sema kama ulivyoniandikia, usipunguze kitu.

Mama nitampigia simu mwenyewe. Wewe usiniandikie tena.

Nemesia