Maji ya Gauni Yameenda Wapi

Jumapili, 4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na goti lako: limetulia, au bado linakusuta kila ukikanyaga cherehani? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Si neno. Hapa kwa dobi wameniondoa kwenye pasi, sasa naanika mashuka ya hospitali kwenye kamba za uani. Ni kazi ya jua, lakini afadhali jua kuliko ule mvuke.

Bi Mbona wangu hajambo? Jumatano uliponiwekea simu sikioni mwake nilimsikia anapumua tu. Nikasema, "Mwanangu," akapumua. Nikasema, "Umekula?" akapumua. Mama, nilimwacha ana miaka minne, sasa ana saba. Naogopa kwake nimekuwa kama yule mwanamke wa kwenye simu anayekwambia salio lako halitoshi. Ninachoshukuru ni yale maswali yake unayoniandikia mwishoni mwa barua. Kwenye simu ni bubu, kwenye karatasi mbona haziishi. Zikikatika hizo mbona, mimi naye tutabaki na nini? Kwa hiyo usichoke kuziandika, hata za kipuuzi.

Lile la kitunguu nimeuliza. Ukikikata kinatoa hewa kali, inachoma macho, nayo macho yanajiosha kwa machozi. Mwambie si kwamba kitunguu kinatuonea huruma.

Mwanao

*

Jumanne, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, halijahama. Sisi wazima, na nguo za watu zimenijaa mezani hadi sioni mlango.

Bi Mbona amelipokea jibu la kitunguu akaenda kukata vitatu kuhakikisha. Tumekula vitunguu siku mbili.

Sasa sikiliza. Juzi nilifua gauni lake la shule, siku nzima mawingu, jua hatukuliona. Jioni gauni limekauka. Akalishika, akalinusa, akanigeukia: "Bibi, jua halikuwepo. Maji ya gauni yameenda wapi?" Nikamwambia yameisha. "Yameishia wapi?" Nikamwambia nenda kacheze. Hakwenda. Anasema, "Mwulize mama, yeye ndiye mfuaji." Mwalimu wao amewaambia mwisho wa mwezi watasoma habari za maji, naye anataka aingie darasani na jibu lake mfukoni. Mimi najua kushona, mambo ya maji yananipita.

Mama yako

*

Jumapili, 18 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta goti likiwa na adabu. Sisi huku mvua inatuchezea, tunaanika tunaanua, tunaanika tunaanua.

Nimecheka hadi wenzangu wakaniuliza kuna nini. Swali hilo mbona ni la kazini kwangu! Hili halihitaji kuuliza mtu. Mwambie hivi: nguo hunywa maji. Ndiyo maana taulo jipya ni laini, ila likifuliwa miaka linakuwa gumu kama ubao, kwa sababu limeshiba. Nguo nyembamba hunywa haraka, nzito hunywa polepole. Na akiulizwa nani kamwambia, aseme mama yangu anafua mashuka mia tatu kwa siku, anajua.

Mbusu mashavu yote mawili.

Mwanao

*

Jumapili, 8 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Wiki tatu sijapata neno. Dereva wa basi anasema bahasha yangu alikukabidhi mkononi, naamini. Labda ni nguo za watu zimekuzidi. Bi Mbona alifurahi jibu? Darasani walisemaje? Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao

*

Jumapili, 22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimepiga simu mara tatu, unasema mnaendelea vizuri, unaharakisha kukata. Wewe ni mama yangu, nakujua ukimeza kitu. Kama mtoto anaumwa nieleze. Kama nimekukosea nieleze pia. Nimeweka karatasi tupu na bahasha humu ndani ili usiwe na kisingizio.

Mwanao

*

Jumamosi, 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Haumwi mtu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kwa fundi kukosa pa kuanzia ni aibu, nguo ina pindo siku zote.

Lile jibu lako alilisema darasani. Mwalimu aliuliza nguo hukaukaje, Bi Mbona akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akasema nguo hunywa maji. Mwalimu akamwambia kwa upole si hivyo, fikiri tena. Angekaa, yangeisha. Hakukaa. Akasema, "Mama yangu anafua mashuka mia tatu kwa siku, anajua kuliko wewe." Darasa zima likaangua kicheko. Toka siku hiyo kuna wasichana wawili wakimwona wanamwuliza, "Shuka la mama yako limekunywa, litakojoa lini?" Akarudi nyumbani. Usiku hakula.

Kilichonizuia kuandika ni alichosema siku ya pili. Nilimwambia, haya, tuandike swali jingine la mama. Akasema, "Mama husema tu. Hajui." Hakulia. Alisema kama anayenihabarisha kwamba chumvi imekwisha.

Toka hapo haulizi. Mimi hanionyeshi mbona, mwalimu hamwonyeshi mbona. Nyumba imekuwa kimya, nasikia cherehani peke yake. Nilikuwa nalalamika na maswali yake, leo nayatafuta.

Sikulaumu, mwanangu. Hata mimi ningesema hivyo hivyo. Ila hukusema "nadhani".

Mama yako

*

Jumapili, 6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma uani nikiwa nimejificha nyuma ya mashuka, ndiyo faida ya kazi hii, mtu analia na hakuna anayemwona. Kisha nikajiambia: kweli, sikusema nadhani. Niliacha shule darasa la sita, nikaona aibu mwanangu asije akajua. Nikajifunika na mashuka mia tatu.

Naomba umsomee yanayofuata. Yasome yote, usiruke.

Mwanangu Bi Mbona. Mama alikosea. Nguo hainywi maji. Sikujua nikasema najua. Waliokucheka wangenicheka mimi, wewe ulikuwa umenibebea mzigo wangu. Nisamehe.

Sasa sikuambii tena kwa mdomo. Nakueleza nilichofanya. Hapa kazini nguo hupimwa uzito zikiwa kavu kabla ya kuingia kwenye mashine, maana mashine ikizidishiwa inagoma. Mwenye mizani tunamwita Kilo. Miaka mitatu namwona Kilo anapima nguo zikiingia, sijawahi kuwaza kupima zikitoka. Jumanne nilichukua mataulo matatu. Yakiwa makavu: kilo moja na nusu. Yalipotoka kukamuliwa: kilo mbili na robo. Nikayaanika kivulini, pasipo jua, kama gauni lako. Yalipokauka nikayarudisha kwenye mizani. Kilo akaniangalia, "Dada, umeanza kuuza mataulo kwa kilo?" Nikamwambia wewe pima. Kilo moja na nusu, ileile.

Fikiri mwenyewe. Kama taulo limekunywa maji, uzito wa maji uko wapi? Haumo. Yametoka. Kilo anasema hupanda hewani vipande vidogo mno, jicho haliyaoni, hata siku ya mawingu, na upepo ukipita huyabeba upesi zaidi. Ugumu wa taulo la zamani nimeuliza pia, wengine wanasema ni masalio ya sabuni. Hilo sijalihakikisha. Nasema nadhani.

Usiniamini kwa kuwa ni mama yako. Mwambie Bibi akukatie vitambaa viwili sawasawa kwa jicho lake la kifundi. Funga uzi katikati ya henga ya kutundikia nguo, ining'inize kwenye msumari, bana kitambaa kila upande hadi henga ilale sawa. Halafu lowesha kimoja. Utaona. Kisha ngoja, usikiguse.

Mama, asante kwa kuniambia. Najua ilikuuma kuandika.

Mwanao

*

Jumapili, 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilimsomea. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, anachokoa sakafu na kidole cha mguu. Nilipomaliza akasema, "Amesema nisamehe?" Nikamwambia ndiyo. "Mtu mzima?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje.

Asubuhi nikakuta henga ya gauni la mteja imeng'olewa na gauni liko kitini. Nikamkatia vitambaa. Kimoja kilizidi nyuzi mbili, akanirudishia, "Bibi, huu mkono wako." Miaka arobaini nashona nguo za watu, leo nasahihishwa na mtoto asiye na meno ya mbele.

Akalowesha kimoja. Henga ikalala upande. Akakaa chini akaitazama, mwanangu, kama anayechunga maziwa yasimwagike. Uji ukapoa. Mchana henga ikaanza kunyanyuka. Kabla ya saa tisa ililala sawa. Hakushangilia. Alikuja akaegemea goti langu bovu, nikavumilia, akasema, "Bibi, yameenda kweli."

Jumatatu aliibeba shuleni. Mwalimu akaitundika ubaoni mbele ya wote. Wale wasichana wawili mmoja akasema henga imechoka tu, mwingine akaomba aloweshe yeye. Huyo wa pili sasa anakuja kwetu kila jioni, na anakula.

Swali limerudi. Tena limerudi na masharti. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mama asinijibu. Apime." Anataka kujua kama kivuli cha kwako saa sita ya mchana na cha kwake ni sawa, maana jua ni moja. Amemwuliza mwalimu, naye hakumpa jibu, amempa njia. Simamisha fimbo ya mita moja, iwe wima. Usifuate saa ya mkononi. Weka alama kwenye ncha ya kivuli, ngoja kidogo weka nyingine, hadi kianze kurefuka tena. Chukua kile kifupi kuliko vyote. Siku ni Jumapili ya tarehe 27. Naye atapima siku hiyohiyo. Nakuwekea futi yangu ya zamani usije ukapima kwa shibiri.

Mama yako

*

Jumapili, 27 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika haraka kabla basi halijaondoka. Nimeomba fimbo ya kunyanyulia kamba, nikaikata mita moja, Kilo akaishika wima huku akilalamika kwamba Jumapili ni ya kulala. Nimeweka alama kumi na moja kwa chaki. Wingu moja lilipita nikataka kulirushia jiwe. Kifupi kuliko vyote ni sentimita arobaini na tano. Nimepima mara mbili.

Sijui chake kitakuwa ngapi. Sijui kabisa, na toka asubuhi nina raha ya ajabu.

Mwanao

*

Jumapili, 10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti salama, nyumba ina kelele, tunamshukuru Mungu.

Chake kilikuwa sentimita arobaini na mbili. Alikiandika kwenye karatasi siku ileile, akaikunja akanipa niifiche, ili asije akashawishika kubadilisha akiona ya kwako. Barua yako ilipofika tukazifungua zote mbili juu ya meza ya cherehani. Akazipanga sambamba. Nikadhani amesikitika kwamba havikulingana.

Akauliza, "Basi mmoja wetu amekosea?" Nikamwambia sijui, mpelekee mwalimu. Akaenda, akarudi mbio. Hakuna aliyekosea. Mwalimu anasema dunia ina mviringo, kwa hiyo jua la saa sita halimwangukii kila mtu kwa mlalo mmoja, na kivuli cha mtu kinabadilika kwa kadiri alivyo mbali na mwenzake kuelekea kaskazini au kusini. Vingelingana, ndipo angeshangaa.

Nikatandaza futi. Hapa arobaini na mbili, hapa arobaini na tano. Akachukua mkono wangu, akavilaza vidole vyangu katikati ya hizo alama kuona vinaenea vingapi. Vikaenea viwili.

Basi lako linakwenda kutwa nzima, mwanangu. Lakini yeye toka juzi kila anayeuliza mama yako yuko wapi anamwonyesha vidole viwili, anamwambia, "Umbali wake huu hapa. Tumepima."

Mama yako