Mkono Wangu, Jina Lako

Baba,

Leo asubuhi umekagua tena duara letu, shimo letu la dhahabu. Ndivyo kishikwambi kinavyosema, na wachimbaji wakashuka. Na huu ni mwezi wa pili tangu tukuzike hapa Katoro.

Unakumbuka siku mwenye leseni alipokileta? Vidole vyako havikusomeka, mawe yalishakula alama zote. Akasema basi, uandike jina kwa kalamu yake, mashine ishike mwandiko wako, unavyokaza na unavyokimbiza mkono. Ukatetemeka, ikakukataa mara tatu. Alipotoka kupokea simu ukanisukumia kalamu. "Andika wewe, ng'wanawane, mwanangu. Si mkono wa nyumba moja?" Tulicheka, jamani! Tangu hapo kila asubuhi ulishuka kugonga matimba yanayozuia udongo, moja moja, kwa nyundo. Ukipanda unanitikisia kichwa, naandika jina lako, kishikwambi kinaweka tiki ya kijani: salama.

Sasa hakuna anayegonga. Wachimbaji wanadhani baba mdogo anakagua, kumbe anaogopa hata ngazi. Anasimama nyuma yangu tu: "Andika, Kabula. Mwenye leseni huko mjini akijua kaka hayupo, duara limekwenda."

Nilijaribu kujiandikisha mwenyewe. Nikaandika Kabula polepole, nikapindapinda herufi. Kishikwambi kikajibu kwamba mwandiko huo ni wa Mashauri, yaani wako. Nikajaribu mkono wa kushoto, kikasema hausomeki. Baba, umeniachia nini hiki? Nina hasira na wewe, acha niseme. Nimebanwa! Nikisema kweli, mimi ndiye mwongo tangu siku ya kwanza, na Mama anakosa chakula. Nikinyamaza, watu wanashuka.

Mvua zimeanza. Leo Masanja, yule aliyechimba kaburi lako akakataa hata soda, ameniuliza, "Dada, matimba yako salama?" Nikamwonyesha tiki ya kijani. Akashuka. Nimekaa pale juu nikitazama shimo mpaka walipotoka wote, uji umenipoa mkononi.

Siwezi tena, Baba. Kesho nitawaambia wao kwanza, kabla ya mwenye leseni, kwamba wamekuwa wakishuka kwa neno langu mimi, ambaye sijawahi kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Wakitaka kunipiga, wanipige. Nisamehe kwa yatakayompata Mama.

Kapumzike sasa. Jina lako sitaliandika tena, hata baba mdogo anishike mkono.

Kabula